Ukoo Hurithi Damu, na Hurithi Birika Pia



Wiki hii ukurasa wetu wa afya na aila unajibu barua ya mama mmoja wa Mombasa. Kijana wake anafanya kazi mjini Kericho, na huko amempata binti wa Kiislamu, Mkipsigis wa upande wa Bomet, ambaye angependa kumposa. Sifa zote za binti zimempendeza mama: dini, adabu na elimu. Lakini shangazi za kijana walipoulizia habari za jamaa, waliambiwa ya kwamba nyanya wa binti alifariki kwa saratani ya umio, na mjomba wake vivyo hivyo, naye alikuwa hajatimiza miaka 40. Kisha mtu mmoja wa nyumbani akaleta katika simu maelezo ya kwamba wataalamu wamegundua jeni iitwayo HOTAIR, yenye kuhusiana na saratani ya ini na saratani ya umio. Mama anauliza mambo mawili. Je, binti huyu ameibeba jeni hiyo katika damu yake? Na je, ni busara kuizuia posa kwa sababu hiyo?

Ni maswali ya haki, wala si ya kuchekwa. Mzazi huangalia mbele kwa ajili ya mwanawe na wajukuu ambao hawajazaliwa. Jibu letu la kwanza ni hili: jeni hiyo binti anayo, na kijana wetu anayo, na mama mwenyewe anayo, na msomaji asomaye maneno haya anayo. Kwa hivyo haiwezi kuwa hoja ya kumkataa mtu. Jibu la pili ni refu zaidi, na tunamwomba mama yetu atustahamilie, kwa sababu ndani yake mna jambo linaloihusu nyumba yake mwenyewe hapa pwani.

Tuanze na jeni. Ndani ya kila seli ya mwili mna maandishi marefu ya DNA, na katika maandishi hayo mna jeni zipatazo 20,000 ambazo ni maagizo ya kuunda protini. Protini ndizo zijengazo misuli, damu, ngozi na kila kiungo. Lakini maagizo hayo ya protini hayafiki hata asilimia 2 ya maandishi yote. Kwa miaka mingi sehemu iliyobaki ilidhaniwa kuwa mabaki yasiyo na kazi. Baadaye ikadhihirika ya kwamba seli hunakili sehemu kubwa ya maandishi hayo na kupata RNA ndefu ambazo haziundi protini yoyote, na baadhi yake zina kazi kubwa ya kusimamia jeni nyingine.

HOTAIR ni mojawapo ya RNA hizo. Ilitangazwa mwaka 2007 na John Rinn, Howard Chang na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Ina urefu wa herufi zipatazo 2,200, na hunakiliwa kutoka katika kromosomu ya 12. Lililowashangaza watafiti ni kwamba kazi yake waliiona katika kromosomu nyingine kabisa, ile ya 2, ambako huongoza kufungwa kwa jeni fulani zisisomwe. Tumfananishe na bawabu wa nyumba kubwa: hajengi ukuta wala hapiki chakula, lakini funguo ziko kiunoni mwake, na yeye ndiye anayejua mlango upi ufungwe na upi uachwe wazi. Katika mwili wenye afya bawabu huyu yupo, na hufanya kazi kwa kiasi.

Shida huanza anapozidi kiasi. Mwaka 2010 ilionekana ya kwamba uvimbe wa saratani ya matiti wenye HOTAIR nyingi huwa na tabia ya kusambaa mwilini. Mwaka 2011 watafiti wa China walieleza habari za wagonjwa wa saratani ya ini waliopandikizwa ini jipya: wale ambao uvimbe wao ulikuwa na HOTAIR nyingi ndio ambao maradhi yaliwarudia zaidi. Kufikia mwaka 2013 taarifa za namna hiyo zilitolewa pia kuhusu saratani ya umio, yaani njia ya chakula iteremkayo kutoka kooni hadi tumboni.

Hapa ndipo yale maelezo ya simu yalipoacha jambo lililo kubwa kuliko yote. Vipimo hivyo vilichukuliwa ndani ya uvimbe wenyewe, maradhi yakiwa yamekwisha kuingia. Havikuchukuliwa katika damu ya mabinti wazima wanaongojea kuolewa. Kiasi cha HOTAIR kinaweza kumsaidia tabibu kukisia mwenendo wa uvimbe alionao mgonjwa. Hakimwambii mzazi ni mtoto gani atakayeugua miaka 30 ijayo. Bawabu yumo katika kila nyumba. Linalofaa kuulizwa ni kitu gani kilichoivuruga nyumba hata naye akaharibikiwa.

Na swali hilo limeulizwa kwa muda mrefu huko huko Bomet.

Kericho na Bomet ni nchi ya vilima vya kijani, iliyo juu kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yenye mvua nyingi na asubuhi za baridi kali. Mashamba makubwa ya chai yalianza kufunguliwa huko katika miaka ya 1920, na hadi leo majani tunayoyachemsha Mombasa, Malindi na Lamu aghalabu hutoka katika milima hiyo au ya jirani. Karibu na mji wa Bomet ipo hospitali ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937 kama zahanati ya wamisheni. Madaktari wa Tenwek ndio walioonya mapema ya kwamba saratani ya umio katika eneo lao ina sura isiyo ya kawaida. Mwaka 2002 Russell White na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kwamba maradhi haya, ambayo penginepo huwapata wazee, Bomet yanawapata vijana. Mwaka 2010 ikatolewa taarifa nyingine, ya wagonjwa 109 wenye umri usiozidi miaka 30, waliogunduliwa Tenwek kati ya mwaka 1996 na 2009. Wengi kati ya waliohojiwa walisema kuna mtu wa jamaa yao aliyewahi kuugua saratani, ilhali wachache tu ndio waliokuwa wakivuta tumbaku au kunywa pombe.

Kwa hivyo shangazi hawakudanganywa. Maradhi haya kweli huonekana yakifuatana katika aila, na mjomba kuugua angali kijana si habari ngeni huko. Tena hatuwezi kusema ya kwamba damu haina sehemu yake. Ipo hali adimu ya kurithi, iliyoelezwa kwanza katika jamaa za Liverpool, Uingereza, ambapo ngozi ya viganja na nyayo huwa nene mno na saratani ya umio hufuata kizazi hata kizazi. Lakini hali hiyo hujulikana kwa kutazamwa mikono na miguu, nayo ni ya aila chache mno duniani.

Mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi mkubwa zaidi. Watafiti walisoma maandishi yote ya DNA ya saratani za umio 552 kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania, Malawi, Iran na China. Walitafuta alama ambazo sumu fulani huziacha katika DNA, kama vile moshi wa sigara uachavyo alama zake katika mapafu. Hawakukuta alama moja iliyo mahsusi kwa nchi zenye wagonjwa wengi. Huenda basi baadhi ya mambo yaletayo maradhi haya hayaandiki chochote katika DNA, bali huujeruhi utando wa umio mara kwa mara, seli zikilazimika kujirekebisha kila siku kwa miaka, hata siku moja marekebisho yakaenda kombo.

Turudi sasa kwenye neno ukoo. Watu wa ukoo mmoja hawagawani damu tu. Wanagawana chungu, kibuyu, jiko na birika. Mtoto hujifunza kwa mamake ni wakati gani chai iko tayari kunywewa, naye mama alijifunza kwa mamake. Mazoea hayo hupita kutoka kizazi hadi kizazi kwa uaminifu uleule wa rangi ya macho, na mtu wa nje akitazama huona maradhi yakifuata jina la ukoo, asione kikombe kinachofuatana nalo.

Kwa upande wa kikombe ushahidi umekusanyika. Katika mkoa wa Golestan, kaskazini mashariki mwa Iran, wanaishi Waislamu ambao pombe kwao ni nadra na wavutao tumbaku si wengi, na hata hivyo saratani ya umio imewasumbua kwa vizazi. Mwaka 2009 ilitangazwa ya kwamba huko walionywa chai moto sana walikuwa na uwezekano wa kuugua unaokaribia mara 8 ya walioinywa vuguvugu. Walioinywa kabla ya dakika 2 tangu kumiminwa walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 5 wakilinganishwa na waliongoja dakika 4 au zaidi. Karibu na kwetu, katika hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, watafiti waliwalinganisha wagonjwa 430 wa saratani ya umio na watu 440 wasio nayo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha ya kwamba waliozoea kunywa vinywaji moto sana, na karibu vyote vilikuwa chai, walikuwa na uwezekano wa mara 3.7 wa kuwa na maradhi haya kuliko wanywao vikiwa vuguvugu. Huko Kilimanjaro, Tanzania, vipimo vilivyotolewa mwaka 2015 vilionyesha ya kwamba watu huanza kunywa chai yao ikiwa na joto la wastani la nyuzi 70.6 za Selsiasi, na chai ya maziwa ndiyo iliyonywewa ikiwa moto zaidi.

Kwa ushahidi wa namna hii, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitamka mwaka 2016 ya kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la juu ya nyuzi 65 yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Majani ya chai hayakulaumiwa, wala kahawa kama kahawa haikulaumiwa katika umio. Kilicholaumiwa ni moto wenyewe. Mkulima wa Kericho hana hatia kwa jani alilolichuma.

Chai moto si sababu ya peke yake. Tumbaku na pombe zinajulikana kuwa sababu kubwa za saratani hii duniani. Katika nchi ya Wakipsigis watafiti wameyapima pia maziwa ya mursik, yale yanayogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na mwaka 2013 walieleza ya kwamba ndani yake waliikuta asetaldehaidi, kemikali inayojulikana kudhuru seli. Mursik ni heshima ya mgeni na ya arusi huko, wala hatumwambii mtu ausahau mila wake, lakini ni haki yake kujua yaliyopimwa. Na tuseme kwa insafu: wengi wanaokunywa chai moto hawataugua kamwe, na wapo wanaougua bila ya kuzoea chai moto. Tunazungumza juu ya kuongezeka kwa hatari, si hukumu iliyokwisha kukatwa.

Saratani ya ini, iliyotajwa katika maelezo yale yale ya simu, hutufunza somo hilohilo. Nayo huonekana ikifuatana katika aila, na watu husema ni damu. Mara nyingi kinachopita ni kirusi cha homa ya ini aina ya B, kitokacho kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, au kwa mtoto kwenda kwa mwenzake katika utoto. Na kinachogawanwa ni ghala moja la mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Hao walikufa kwa kuila kwa wingi katika muda mfupi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka huidhuru ini yake, na akiwa na kirusi kile hatari huzidi maradufu. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga wa Kenya tangu mwaka 2001, hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwa hivyo mama mjamzito na apimwe, na ikiwa anacho kirusi azungumze na tabibu kabla ya siku ya kujifungua. Hizo ni hatua ambazo zimo mikononi mwa wazazi, na hakuna hata moja inayohitaji mtu kuijua HOTAIR.

Sasa tumjibu mama yetu kuhusu posa. Nyanya na mjomba wa binti waliugua, na hilo ni jambo la kulizingatia. Lakini kulizingatia ni kumlinda, si kumkimbia. Binti mwenye historia hiyo anastahili zaidi kupata mume na mavyaa wanaojua dalili, na nyumba ambamo chai hungojewa ipoe. Kumrudisha kwao kwa sababu ya maradhi ya mjomba ni kumwadhibu kwa msiba ambao umekwisha kumwadhibu mara moja. Na liko dhara jingine. Pindi watu wajuapo ya kwamba maradhi ya jamaa huvunja posa, hujifunza kuyaficha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na katika saratani ya umio kufichua huko huja na mauti, kwa kuwa wagonjwa wengi hufika hospitali wakati ambapo hata maji hayapiti. Tenwek wamejulikana kwa kuwawekea wagonjwa wa namna hiyo mrija wa wavu wa chuma unaoifungua njia ili wapate kula. Ni rehema kubwa, lakini ni faraja ya mwisho na si tiba.

Lipo pia jambo la kutia matumaini. Mwaka 2016 madaktari wa Tenwek, akiwemo Michael Mwachiro, walieleza ya kwamba waliwachunguza watu 305 wa eneo lao wasio na dalili yoyote, kwa endoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera upitishwao kinywani, wakiupaka umio madini ya joto ili sehemu zilizobadilika zionekane. Katika kila watu 100 waliwakuta kama 14 wenye mabadiliko ya awali ya seli, mengi yakiwa madogo. Matokeo hayo yana faida mbili kwetu. Kwanza, mabadiliko yalikuwamo miongoni mwa watu wa kawaida wa eneo zima, kwa hivyo si aibu ya nyumba moja. Pili, yanaweza kuonekana kabla hayajawa saratani. Kwa hivyo tunashauri binti na ndugu zake wamweleze daktari habari za nyanya na mjomba wao, na wamuulize kama kipimo hicho kinawafaa na lini.

Dalili ambazo kila mtu wa nyumbani azijue ni hizi: chakula kigumu kama nyama au ugali kukwama kikimezwa, kisha chakula laini nacho kukwama, kupungua mwili bila sababu, maumivu nyuma ya kifua wakati wa kumeza, na sauti kukwaruza isipone. Mtu akiona chakula kinakwama kwa muda wa wiki 2, asingoje wiki ya 3, hata kama ana miaka 25, na asikubali kuambiwa ni jicho au ni vidonda vya tumbo kabla ya kutazamwa.

Tumalizie kwa nyumba zetu za pwani. Hatuna baridi ya Kericho, lakini kahawa yetu ya dele humiminwa ikitoka mvuke, na yule amalizaye kikombe kwa mikupuo miwili barazani husifiwa kuwa mwanamume. Asubuhi, mahamri na mbaazi yakiwa mezani, mtoto huharakishwa amalize chai ya maziwa asichelewe chuoni. Tunaomba mambo matatu. Chai ikishamiminwa iachwe dakika 4 au 5 kabla ya kunywewa. Mtoto asipewe kinywaji ambacho mama mwenyewe hawezi kukiweka mdomoni bila kukipuliza. Na yule mzee wa barazani asichekwe akisema anangoja ipoe, bali aigwe.

Na kijana akimleta mkewe nyumbani inshallah, mavyaa amtayarishie chai ya karafuu na tangawizi, aiweke mezani, kisha wazungumze mpaka ipoe. Katika mazungumzo hayo amuulize habari za nyanya yake, jina lake na namna alivyoishi, ili binti ajue ya kwamba katika nyumba hii maradhi ya jamaa yake hayana haja ya kufichwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awaponye walio wagonjwa, na aijaalie kheri ndoa ya vijana hawa. Amin. Wabillahi tawfiq.